Daftari la Lita

Pikapu ya marehemu mume wangu, Datsun ya rangi ya mtindi,
ilikuwa na tumbo.
Sisemi kwa ubaya. Magunia sita ya viazi kutoka Kikondo,
karibu mteremko mtupu hadi Mwanjelwa, na bado
mshale wa mafuta umelala chini kabisa
kabla sijauza debe la kwanza.

Ambakisye alikuwa akiandika.
Daftari la mistari, jalada limelowa oili:
tarehe, lita, kilomita, na mara mojamoja neno.
Mvua. Au: matope Isyonje.
Au: Sekela kajifungua. Ndiye mimi huyo.
Kilomita saba kwa lita. Saba. Saba.
Miaka kumi na tisa ya saba.

Akaja kijana wa pale SIDO, Lwitiko,
mikono myeusi hadi viwikoni, maneno meupe.
"Mama, gari hii imekabwa koo. Haipumui."
Akatoa kwenye kiroba kabureta ya midomo miwili
inayong'aa kama sufuria ya harusi,
na chujio la hewa la wazi, jekundu, mfano wa uyoga.
"Ikipumua vizuri, itakula kidogo."
Nikawaza: nani amewahi kupanuliwa koo akapunguza kula?
Lakini nilikuwa nimechoka na saba.
Nikauza mbuzi wawili.

Mungu wangu, ile sauti!
Kupanda Igawilo ilinguruma hadi watoto wa shule wakashika kaptula,
lori la mbolea likanipisha,
ukungu wa Uporoto ukajikunja pembeni,
nami, mjane wa miaka hamsini na sita,
nikacheka peke yangu, mguu umezama.
Jioni nikaandika: kilomita tano na robo.
Na neno moja: raha.

Neno lile lilinitia aibu wiki nzima.

Safari iliyofuata nilikwenda kama niliyepakia mayai.
Mdomo wa kwanza tu, wa pili umelala:
saba na nusu.
Kumbe nusu ya tumbo la gari
imo ndani ya kiatu changu.

Lakini moshi ulibaki mweusi.
Nikafungua plagi mwenyewe, kwa spana ya Ambakisye.
Masizi. Masizi kama chungu cha kande.
Nikakaa juu ya gunia nikaitazama ile plagi.
Najua moto, miye. Kuni zikizidi na hewa ikipungua
jiko halipiki, linalia machozi.
Na hewa ya huku ni nyembamba;
mdogo wangu akipanda kutoka Kyela
hupumzika mara tatu kabla ya kufika mlangoni.

"Lwitiko, jeti za kabureta hii zilipimwa wapi?"
"Dar, mama. Zote zinatoka Dar."
"Na ile ya zamani?"
Akakuna kichwa kwa bisibisi.

Zinamimina kwa kipimo cha pwani
kwenye gari linalopumua mlimani.
Nikanunua jeti ndogo, kishaba kama punje ya hindi,
tundu lake hata unywele huingia kwa kuomba.
Bei yake haikufika debe la viazi.
Uyoga mwekundu nikaung'oa, vumbi la Isyonje lilikuwa limeuvaa;
nikarudisha kopo la zamani na chujio jipya la karatasi.
Kuku anatagia ule uyoga.

Tisa.
Nilipiga hesabu mara tatu, kisha kwa vidole.
Kilomita tisa, na plagi imekuwa rangi ya andazi.

Nilianza kutoa saba kwenye tisa, kuzidisha kwa miaka kumi na tisa,
ingekuwa mabati mangapi, ada ngapi.
Nikafika katikati ya ukurasa nikafuta.
Mtu hawezi kumdai marehemu hewa.

Sasa naandika mimi, chini ya mwandiko wake, kwa kalamu ya bluu.
Tisa. Nane na nusu, mvua. Tisa.
Ila mwisho wa mwezi, nikipanda tupu kufuata mzigo,
pale Igawilo naufungua mdomo wa pili
hadi kona ya tatu, si zaidi.
Siku hiyo naandika sita,
na mahali pa neno naacha wazi.
Angejua.